Kishikwambi cha mtumba: kizima mwilini, kimekataliwa mtandaoni

Kishikwambi cha zamani kina tabia inayowachanganya wengi. Unakiwasha, kinawaka. Kioo hakina mkwaruzo, spika zinasikika, kidole kinateleza bila taabu. Kisha unafungua tovuti unayoisoma kila siku kwenye simu, unaambiwa muunganisho si salama. Unajaribu kupakua programu ya kuchati, duka linajibu kwamba haiendani na kifaa chako. Mwenye nacho anahitimisha kwamba kimeharibika, anampelekea fundi, na fundi anakifungua asione kitu kilichoungua.

Kweli hakuna kilichoungua. Kifaa cha aina hii huzeeka kwa njia mbili, na kila moja ina mwendo wake. Ya kwanza ni mwili: betri, kioo, tundu la chaji, chipu za kuhifadhia. Huo huchakaa polepole kadiri unavyotumika. Ya pili ni uhusiano wake na dunia ya nje, yaani seva, maduka ya programu, vyeti vya usalama na kanuni za kusimba mawasiliano. Uhusiano hauchakai. Hukatwa, mara nyingi kwa tarehe iliyotangazwa mapema, na watu ambao hawajawahi kukishika kifaa chako. Anayetaka kukifanya kishikwambi cha mtumba kuwa chombo chake cha kila siku lazima ajue ni upande upi unaomsumbua, kwa sababu dawa ya upande mmoja haisaidii chochote upande wa pili. Kubadilisha betri hakufungui tovuti.

Kifaa cha intaneti cha mkononi kisichokuwa simu ni cha siku nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Nokia ilitoa 770 mwaka 2005, miaka mitano kabla ya iPad ya kwanza. Ilikuwa na kioo cha inchi 4.1 chenye nukta 800 kwa 480, kumbukumbu ya megabaiti 64, wifi, na mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux ya Debian. Laini ya simu haikuwamo. Ukiwa mbali na wifi ulikiunganisha na simu yako kwa Bluetooth. Mwaka 2007 ikaja N800, yenye megabaiti 128 na matundu mawili ya kadi za kumbukumbu, na baadaye mwaka huohuo N810, yenye kibodi ya kuvuta na GPS. Vifaa hivyo vinafaa kuwa kipimo cha kila kitakachofuata hapa, kwa sababu vinaonyesha tatizo bila pazia. Kimoja kilichotunzwa vizuri hadi leo kinacheza muziki, kinafungua vitabu, kinaandika maandishi, kinapiga saa ya kuamsha. Kila kilichokuwa ndani yake kimebaki. Kilichotegemea kibali cha nje ndicho kimeondoka.

Anza na saa, halafu vyeti

Ushauri wa kwanza unaonekana wa kitoto: kabla ya kulaumu chochote, tazama kishikwambi kinadhani leo ni tarehe ngapi.

Karibu kila tovuti leo hupita njia ya HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa ili wengine wasiyasome. Ukiifungua, seva hukuletea cheti kinachosema mimi ndiye mwenye jina hili, nimetiwa sahihi na mamlaka fulani, na cheti hiki kinatumika kuanzia tarehe hii mpaka ile. Kishikwambi hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Sasa, kifaa kilichokaa kabatini mpaka betri ikakauka kabisa huweza kuamka kikiamini ni Januari 1970, tarehe ambayo mifumo ya ukoo wa Unix huanzia kuhesabu sekunde, au siku ambayo mfumo wake uliundwa kiwandani. Kwa macho yake, kila cheti duniani ni cha miaka ijayo. Kitavikataa vyote. Vipo vishikwambi vilivyotupwa vikiwa havihitaji chochote zaidi ya kurekebishiwa tarehe.

Saa ikiwa sawa na tovuti bado zinakataa, shuka ngazi moja. Kishikwambi hakiwezi kujua mwenyewe kama seva ni ya kweli. Kina orodha ya mamlaka zinazoaminika, iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya mfumo, na hukubali cheti ikiwa sahihi zake zinarudi nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka kwa mmoja aliye kwenye orodha hiyo. Ni kama kijana anayefika ugenini na barua ya utambulisho: mwenyeji hamjui kijana, ila anaujua mkono wa aliyeiandika. Tatizo ni kwamba orodha ya kifaa kisichopata tena masasisho imeganda, ilhali huko nje mamlaka mpya zinazaliwa na za zamani zinafikia mwisho wake.

Mfano ulio wazi ni Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo na inayotumiwa na tovuti nyingi mno. Ilipoanza mwaka 2015 haikuwa kwenye orodha ya kifaa chochote, kwa hiyo ilidhaminiwa na mamlaka kongwe zaidi, ambayo cheti chake cha msingi kiliitwa DST Root CA X3. Cheti hicho kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Vifaa vipya havikujali, kwani tayari vilikuwa na cheti cha msingi cha Let's Encrypt yenyewe, ISRG Root X1. iPad zilizokwama chini ya iOS 10 hazikuwa nacho, zikaanza kutoa onyo kwenye tovuti ambazo usiku uliotangulia zilifunguka vizuri. Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 nazo hazikuwa nacho, lakini zilipata afueni ya ajabu kidogo: Android haikagui tarehe ya mwisho ya mamlaka iliyo kwenye orodha yake, hivyo ikatengenezwa sahihi ya ziada iliyotumia ulegevu huo kuzisukuma mbele. Afueni hiyo nayo ilikoma Septemba 2024. Kwa hiyo mtu aliyeona kishikwambi chake cha Android 6 "kikiharibika ghafla" mwaka huo hakufanya kosa lolote. Muda wa barua uliisha.

Hali hii inatibika. Njia nyepesi ni kutumia kivinjari kinachobeba orodha yake chenyewe badala ya kuazima ya mfumo. Firefox imefanya hivyo siku zote, na ndiyo sababu kwenye Android ya zamani tovuti inaweza kukataa kwenye kivinjari kilichokuja na kifaa na kufunguka vizuri kwenye Firefox. Njia ya pili ni kukisakinisha cheti cha ISRG Root X1 kwa mkono kupitia mipangilio ya usalama. Mfumo utakudai uweke namba ya siri ya kufunga kioo, kisha utakuonya kwamba mtandao wako huenda unafuatiliwa. Onyo hilo hutolewa kwa kila cheti kilichoongezwa na mtumiaji, hata kikiwa halali. La msingi ni kukichukua cheti kwenye tovuti ya Let's Encrypt yenyewe kwa kutumia kifaa kingine kinachoaminika, kisha kukihamisha. Cheti cha msingi ulichotumiwa na mtu usiyemjua ni ufunguo wa mawasiliano yako yote.

Kuna kizuizi cha tatu, nacho hakina onyo la kubofya "endelea". Ni kanuni ya kusimba yenyewe, iitwayo TLS. Toleo la 1.0 ni la mwaka 1999, 1.1 ya 2006, 1.2 ya 2008 na 1.3 ya 2018. Mbili za kwanza zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati Machi 2021, na seva nyingi hazizungumzi nazo tena. Android 4.1 hadi 4.4 zinaijua 1.2 lakini haikuwashwa kwa kawaida. Ni Android 5 iliyoiwasha bila kuombwa. Vivinjari vya 770 na wenzake wa Maemo havikuwahi kuijua. Dalili yake hutofautiana na ile ya cheti: ukurasa haufunguki kabisa, unapewa ujumbe mfupi kwamba muunganisho umeshindikana, utadhani wifi ndiyo mbovu. Hapa tarehe haisaidii, wala cheti. Unahitaji kivinjari kipya zaidi, na kama mfumo wako haupokei kivinjari kipya zaidi, mlango huo umefungwa. Wanaopenda kuhangaika huweka kompyuta nyumbani ipokee kurasa kwa TLS ya kisasa na kuzikabidhi kwa kifaa kikongwe kwa lugha yake. Inafanya kazi. Lakini ni burudani ya fundi. Mtu anayetaka tu kusoma habari asubuhi hana haja ya kufika huko.

Nitaje na wifi, kwa kuwa malalamiko yake husikika kama haya. Vishikwambi vingi vya bei ya chini vya zamani, na hata Nexus 7 ya Google ya mwaka 2012, husikia masafa ya 2.4 GHz pekee. Ruta iliyowekwa kurusha 5 GHz tu kwao haipo. Ruta inayodai WPA3, kanuni mpya ya ulinzi wa wifi, peke yake nayo itawakatalia hata nenosiri likiwa sahihi. Mara nyingi suluhisho liko kwenye ruta: washa 2.4 GHz na uruhusu WPA2, kanuni iliyoitangulia.

Kwa nini usiweke tu mfumo mpya

Hapo ndipo aliyezoea kompyuta huuliza: si nifute, niweke Android mpya? Kompyuta ya mezani ya miaka kumi na tano hupokea Linux ya mwaka huu bila kinyongo, kwa nini kishikwambi kigome?

Kompyuta ya kawaida hujieleza. Mfumo ukiingia huuliza kuna nini humu, na vifaa vya ndani hujibu kwa utaratibu unaofanana karibu kwenye kompyuta zote. Ndani ya kishikwambi chenye kichakataji cha ARM hakuna mazungumzo ya namna hiyo. Mtengenezaji huuandika mpangilio wa saketi ndani ya mfumo wa kifaa hichohicho, na huongeza vipande vya programu vya kuendesha picha, kamera na wifi ambavyo msimbo wake haukutolewa hadharani. Vipande hivyo vimefungamana na toleo moja la kiini cha Linux, ambacho Android imejengwa juu yake. Mtengenezaji wa chipu akiacha kuvishughulikia, aliyetengeneza kishikwambi amekwama, na wewe mnunuzi umekwama nyuma yake. Texas Instruments, ambaye vichakataji vyake vilikuwa ndani ya vifaa vya Nokia na vingine vingi vya enzi hizo, alijitoa kwenye biashara ya chipu za simu na vishikwambi mwaka 2012. Mwenye kifaa chenye chipu yake hakuwa na wa kumlilia. Google ilianza kulitenganisha tatizo hili kwa Android 8 mwaka 2017, lakini hilo liliwafaa waliokuja baadaye.

Ndiyo maana miradi inayotengenezea vifaa vya zamani mifumo mipya, kama LineageOS na postmarketOS, huchapisha orodha ya vifaa kimoja kimoja, kwa jina na modeli kamili. Modeli yako ikiwamo, umepata bahati ya kweli: Nexus 7, kwa mfano, ilikomea Android 5.1.1 rasmi, lakini wapenzi wake waliipeleka mbele zaidi. Isipokuwamo, hakuna faili la "Android ya vishikwambi vyote". Anayekuuzia huduma ya kuflashi, yaani kuandika upya mfumo, toleo jipya kwa modeli isiyo kwenye orodha yoyote atakurudishia kigae, kifaa kisichowaka tena, au atakurudishia mfumo uleule uliobadilishwa namba ya toleo kwenye ukurasa wa "Kuhusu kifaa". Hila hiyo ipo, na ni rahisi kuigundua: programu zinazodai toleo hilo hazitaingia.

Upande wa Apple mlango umefungwa kwa namna nyingine. iPad ya kwanza ya mwaka 2010 iliishia iOS 5.1.1. iPad 2 ilifika iOS 9, na hapo ilikuwa inaburuza miguu. iPad ya kizazi cha nne haikuvuka iOS 10, kwa sababu iOS 11 ya mwaka 2017 iliacha vichakataji vya biti 32. Kuna jambo moja la Apple ambalo linafaa sana na halijulikani vya kutosha: duka lake likishindwa kukupa toleo jipya la programu, huweza kukupa la mwisho linaloendana na kifaa chako, ikiwa akaunti yako ilishawahi kuipata programu hiyo. Kwa hiyo ipakue kwanza kwenye iPhone au iPad mpya zaidi kwa akaunti ileile, kisha rudi kwenye kongwe uitafute kwenye orodha ya ulizonunua. Kwa Android, hazina ya F-Droid hutunza matoleo ya nyuma ya programu huria, na nyingi ni nyepesi kuliko zile za duka kubwa.

Uzito wa kurasa na uchovu wa hifadhi

Vyeti vikishakubali, linalofuata ni mwendo. Watu husema kishikwambi "kimechoka", lakini kichakataji hakipungui kasi kwa uzee. Kilichobadilika ni mzigo. Ukurasa wa habari wa leo hubeba programu nzima ndani yake: msimbo wa JavaScript, video zinazojicheza, matangazo yanayopigana mnada kabla hujasoma kichwa cha habari. iPad ya kwanza ilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu na Nexus 7 ilikuwa na gigabaiti moja, nazo lazima zigawanywe na mfumo wenyewe. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huua kichupo cha nyuma. Ukirudi, ukurasa unapakiwa upya na ulichokuwa umeandika kimepotea. Dawa yake hainunuliwi. Ni kuzima JavaScript kwenye tovuti za kusoma tu, kutumia kizuia matangazo, kuchagua hali ya kusoma, na kufuata habari kwa RSS, ambayo huleta maandishi bila gwaride lake. Nathubutu kusema RSS pekee huongeza miaka ya kishikwambi cha zamani kuliko kitu kingine chochote usichokilipia.

Kuna uchovu mmoja ambao ni wa kweli, nao uko kwenye chipu ya kuhifadhia. Chipu hizi haziandiki juu ya data ya zamani. Sharti zifute kwanza, na hufuta kwa mafungu makubwa. Mfumo usipoiambia chipu ni sehemu zipi hazitumiki tena, chipu huendelea kubebabeba takataka za faili ulizofuta zamani, na kila uandishi mdogo unageuka safari ndefu. Nexus 7 ilijulikana kwa ugonjwa huu: nyepesi ilipokuwa mpya, nzito mwaka mmoja baadaye. Android 4.3, Julai 2013, ilileta utaratibu wa kuipasha chipu habari hiyo kila kifaa kinapopumzika kikiwa na chaji, na vifaa vingi vikapata uhai. Funzo kwa mwenye cha mtumba ni kuacha nafasi ya kutosha, tuseme robo ya hifadhi ikae wazi, na kuhamishia muziki na video kwenye kadi. Kufuta kila kitu na kurudisha mipangilio ya kiwandani husaidia kwa sababu hiyohiyo, wala si muujiza.

Betri

Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa bila kazi, na maadui zake wawili ni joto na kujaa. Seli ya kawaida hujazwa mpaka volti 4.2, ikikaa hapo mfululizo kwenye chumba chenye joto, hupoteza uwezo haraka kuliko ikipanda na kushuka katikati. Kishikwambi kilichofanya kazi ya dukani kikiwa kwenye waya usiku na mchana kinaweza kuonekana kipya kabisa na betri ikawa imekufa. Kadirio linalotumika sana ni mizunguko mia tatu hadi mia tano ya chaji kabla uwezo haujashuka hadi kama asilimia 80. Cha kuhifadhiwa kabatini kiache na nusu ya chaji, maana kikishuka chini mno saketi ya ulinzi huifunga betri na huenda isiamke tena.

Malalamiko ya "hakiingizi chaji" yapime kwanza kwa chaja. Chaja ya iPad za mwanzo ilikuwa ya wati 10. Tundu la kawaida la USB 2.0 la kompyuta hutoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati mbili na nusu. Ukikiunganisha huko huku kioo kinawaka, kinakula kadiri kinavyopewa. Zaidi ya hapo, kishikwambi hutambua chaja kwa jinsi nyaya zake za data zilivyounganishwa ndani. Kwenye chaja isiyofuata utaratibu wake huvuta mkondo mdogo hata kama chaja ina nguvu. Na waya mwembamba wa bei ya chee hupoteza volti njiani. Badilisha waya kabla hujabadilisha betri.

Betri iliyovimba haina mjadala. Kioo kikianza kuinuka ukingoni au kifuniko cha nyuma kikitengeneza tumbo, zima, usichaji, usibonyeze, usitoboe. N800 na N810 zilikuwa na betri ya kuchomoa kwa kidole, fadhila ambayo vishikwambi vya gundi vilivyofuata viliiacha; kuitoa kwenye hivyo ni kazi ya fundi mwenye joto la kiasi na subira.

Kabla hujalipa

Rahisi ni ghali, na hapa ughali wake una jina: kufuli la akaunti. iOS 7 ya mwaka 2013 ilileta kufuli linalokifunga kifaa kwa akaunti ya mwenye nacho, na Android 5.1 ya mwaka 2015 ikaleta lake. Kifaa kilichofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti huuliza nenosiri lake kinapowashwa upya, na bila hilo hakitumiki. Huenda kimeibwa. Huenda pia muuzaji ni mwaminifu aliyesahau tu. Kwa vyovyote, usilipe kwa kifaa kilichokwama kwenye ukurasa huo kwa ahadi kwamba "kinatolewa". Mwambie muuzaji akifute mbele yako, kisha ukiwashe mpaka kifike kwenye ukurasa wa nyumbani bila kudai akaunti ya mtu mwingine.

Ukiwa nacho mkononi, fungua mipangilio utazame toleo la mfumo. Kwa jinsi hali ilivyo, Android 5 ni sakafu ambayo chini yake unanunua kisomeo cha vitabu, si kifaa cha mtandao. Google iliacha kuruhusu kuingia kwenye akaunti zake kwa Android 2.3.7 na za chini Septemba 2021. WhatsApp iliacha Android 4 Oktoba 2023. Kwenye Android 6 na kuendelea kuna mstari unaotaja tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Huo ndio umri halisi wa kifaa, na ninauamini kuliko mwaka uliochapwa kwenye boksi. Baada ya hapo jaza kioo kizima kwa rangi nyeupe kutafuta madoa, buruta ikoni pembe hadi pembe kuona kama kuna sehemu isiyosikia mguso, na tikisa taratibu waya wa chaji ukiwa tunduni.

Kazi gani, na kazi gani hapana

Mwaka 2015 iligundulika kasoro iliyoitwa Stagefright kwenye sehemu ya Android inayosoma video na sauti: ujumbe wa picha uliotengenezwa kwa hila ungeweza kuendesha msimbo wa mshambuliaji ndani ya kifaa. Iligusa matoleo ya 2.2 hadi 5.1.1. Viraka vilitoka, lakini vifaa vilivyokuwa vimeachwa havikuvipata, na kasoro hiyo ingali ndani yao leo. Mwaka 2017 zikafuata kasoro za BlueBorne kwa upande wa Bluetooth na KRACK kwa upande wa wifi. Haimaanishi kuna mtu anayekuvizia. Maana yake ni kwamba kifaa kisicho na viraka hakipaswi kushika kitu ambacho kikiibwa utalia: akaunti ya benki, pesa ya simu, barua pepe kuu ambayo nenosiri za akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia kwayo. Vivinjari vyenye orodha mpya ya vyeti hutibu sehemu tu ya tatizo. Mfumo ulio chini yake umebaki na mashimo yake.

Kifungulie akaunti yake ya pembeni. Ukitaka barua pepe kwenye programu ya zamani, Gmail iliacha mwaka 2022 kukubali nenosiri la kawaida kwa programu hizo. Unatengeneza nenosiri maalumu la herufi 16 kwenye mipangilio ya akaunti na kulifuta siku yoyote upendayo. Zima Bluetooth usipoitumia.

Ukishakubali mpaka huo, kilichobaki ni kipana kuliko unavyodhani. Vitabu vya EPUB na PDF havidai cheti. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kadi na kuisoma bila mtandao wowote. Programu za ramani za OpenStreetMap, kama OsmAnd, huhifadhi nchi nzima ndani, na GPS hupokea ishara za setilaiti bila kumwomba mtu ruhusa, ingawa bila intaneti hukawia kidogo kujua ilipo mara ya kwanza. Kamusi, kalenda, daftari, redio ya mtandao, muziki kutoka kompyuta ya nyumbani, skrini ya pili ya kusoma maelekezo wakati mikono iko kazini. Ndani ya mtandao wako wa nyumbani, kishikwambi kikongwe ni mwenyeji mtulivu asiyesumbuliwa na tarehe za vyeti vya watu wengine. Kibodi ya Bluetooth pembeni hukigeuza kuwa taipureta nzuri kushinda kompyuta nyingi, kwa sababu hakina nguvu ya kukupotezea muda kwingine.

Hifadhi nakala. Hili si kwa sababu za kawaida tu. Faili za usakinishaji wa programu zinazokubali toleo lako la mfumo hupotea mtandaoni kidogo kidogo, na maduka huziondoa bila taarifa. Ukipata toleo linalofanya kazi, tunza faili lake kwenye kadi na nakala nyingine kwenye kompyuta. Wenye N810 waliohifadhi programu zao mapema ndio ambao bado wanaweza kuifuta na kuijenga upya.

Siku ukikipitisha kwa mtu mwingine, fuata utaratibu huu: ondoa akaunti kwanza ukiwa mtandaoni, ndipo ufute. Ukianza na kufuta, aliyekipokea atakutana na kufuli lako.